Madaktari watatu, majina matatu: nishike lipi?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 32, kazi yangu ni kutunza hesabu za kampuni. Tangu utotoni ni mtu wa mawazo, lakini kwa zaidi ya mwaka sasa yamenizidi. Nikituma ripoti, usiku naifungua tena kuhakikisha sijakosea tarakimu. Mama akichelewa kupokea simu, nimeshamzika kichwani. Kodi ya nyumba, ada, afya ya mtoto, hakuna kinachonipita. Usingizi unakatika saa nane usiku na haurudi. Shingo na mabega vimekaza mpaka vinauma. Mchana naishi kwa kahawa ili nisisinzie. Nimepungua hata nguo zinanipwaya, na mikono inatetemeka kidogo. Mambo niliyokuwa nayapenda siku hizi sina hamu nayo.

Miezi kadhaa iliyopita, nikiwa ndani ya basi, moyo ulianza kwenda mbio ghafla, pumzi zikabana, jasho likanitoka, vidole vikafa ganzi, nikajua nakufa. Nilikimbizwa hospitali, wakanipima moyo kwa ile mashine ya waya, wakasema moyo ni mzima, "ni mawazo tu, kapumzike." Tangu hapo imenirudia mara kadhaa, na mara moja nilikuwa nimekaa zangu nyumbani nakunja nguo. Basi sipandi tena. Natembea au naomba lifti.

Kituo cha kwanza nilipewa karatasi ya maswali saba, nikapata alama 13, nikaambiwa nina wasiwasi wa jumla. Sikuridhika. Nikaenda kwa daktari wa magonjwa ya akili, akasema huo ni ugonjwa wa hofu ya ghafla, akaniandikia sertraline. Kabla sijaanza nikaona nihakikishe kwa mwingine, naye akasema ni mchanganyiko wa wasiwasi na sonona. Karatasi zangu zina namba tatu: F41.1, F41.0 na F41.2.

Mume wangu ni mtu mwema na amenivumilia sana, ila sasa anasema hawa watu wanabahatisha, maana hakuna hata mmoja aliyenitoa damu. Dada yangu anasema nianze dawa leo leo. Mimi nimejiwekea nadhiri kwamba simezi kitu mpaka nijue ugonjwa wangu hasa ni upi, maana naogopa kutibiwa ugonjwa usio wangu. Naogopa pia hizo namba zisije zikanifuata kazini.

Mshauri, nani kati yao yuko sahihi? Nimeze, niende kwa wa nne, au nimsikilize mume wangu?

Ni mimi, Nisiyejua Nishike Lipi.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Pole kwa usiku huo mrefu, na pole zaidi kwa kubeba karatasi tatu zinazoonekana kugombana. Nikikuelewa vizuri, huulizi kama unaumwa, hilo unalijua. Unauliza jina, kwa sababu umeamini kwamba jina likikosewa na tiba itakosewa. Nadhani shaka yako ina haki yake. Ila kabla hatujamtafuta mwenye kosa, hebu zipange hizo karatasi mezani uzitazame namba zenyewe.

Zote zinaanza na F41. Tofauti iko baada ya nukta. Hizo ni namba za toleo la kumi la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-10, iliyopitishwa mwaka 1990 na ambayo bado inatumika sehemu nyingi, ingawa ICD-11 ilianza rasmi Januari 2022. F ni sura ya magonjwa ya akili na tabia. F41 ni fungu la matatizo ya wasiwasi ambayo hayakufungwa kwenye kitu au hali fulani. Nukta sifuri ni hofu ya ghafla, nukta moja ni wasiwasi wa jumla, nukta mbili ni wasiwasi uliochanganyika na sonona. Kwa hiyo watu watatu wasiojuana walikusikiliza kila mmoja kwa wakati wake, na wote wakaishia kwenye fungu moja. Wamekubaliana zaidi ya ulivyodhani.

Sasa nikuulize: ni nani aliyekwambia kwamba jina lazima liwe moja? Majina haya yamejengwa kwa vigezo, yaani dalili zipi, ngapi, kwa muda gani, na zimeharibu nini katika maisha. Mtu anaweza kutimiza vigezo vya majina mawili kwa pamoja, na wengi hutimiza. Hata mipaka yenyewe imechorwa na watu. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipotoa toleo la tatu la mwongozo wake wa DSM, jina la zamani, nyurosisi ya wasiwasi, lilivunjwa likawa mawili: hofu ya ghafla na wasiwasi wa jumla. Ungeugua mwaka 1975, huenda karatasi zako zote zingekuwa na jina moja, na usiku ungeamka saa nane vile vile.

Tuchukue barua yako tuiweke kwenye vigezo, si kwa kukupima kutoka mbali bali uone wanavyofikiri. Kwa wasiwasi wa jumla, DSM-5, yaani toleo la tano la mwongozo ule wa Marekani, inataka wasiwasi uliopita kiasi, kuhusu mambo mengi, siku nyingi kuliko zisizo nao, kwa miezi isiyopungua 6, na mtu ashindwe kuudhibiti. Juu ya hapo ziwepo dalili tatu kati ya sita: kutotulia, kuchoka upesi, akili kushindwa kutulia kwenye jambo, hasira za karibu, misuli kukaza, na usingizi kuharibika. Wewe umetaja usingizi na misuli waziwazi. Ya tatu nahisi ipo ila hukuiandika. ICD-11 haikazii miezi 6, inasema miezi kadhaa, na ndiyo maana mtu mwenye miezi minne anaweza kuwa mgonjwa kwa kitabu kimoja na kwa kingine bado.

Kwa hofu ya ghafla hesabu ni nyingine. Shambulio moja ni hofu kali inayofika kileleni ndani ya dakika chache, ikiwa na dalili nne au zaidi kati ya kumi na tatu zilizoorodheshwa. Ya kwenye basi ina tano kwenye barua yako: moyo, pumzi, jasho, ganzi, kuogopa kufa. Lakini shambulio peke yake si ugonjwa. Linaweza kumpata mtu mwenye sonona, mwenye pumu, au mtu mzima wa afya aliyeelemewa. Ili uitwe ugonjwa, mashambulio yajirudie, mengine yaje bila kuitwa, kisha kwa mwezi mmoja au zaidi mtu aishi akiogopa lingine au abadilishe maisha yake kulikwepa. Ndiyo maana lile la nyumbani, ukiwa unakunja nguo, lina uzito kuliko la kwenye basi. Je, daktari wa kwanza ulimwambia habari za nguo?

Nauliza hivyo kwa sababu. Barua yako imepanga yote pamoja, lakini sina hakika kwamba kila daktari aliyasikia yote. Aliyekupa maswali saba alipokea majibu ya maswali saba. Dodoso hilo, GAD-7, lilitolewa mwaka 2006. Linauliza habari za wiki mbili zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 21. Kuanzia 5 huitwa wasiwasi mdogo, 10 wa wastani, 15 mkali. Halina swali hata moja kuhusu basi, wala kuhusu mashambulio. Ni chujio, na chujio hupitisha na visivyotakiwa. Katika utafiti ulioliasisi, ukikata kwenye alama 10, lilinasa watu 89 kati ya 100 wenye wasiwasi wa jumla, na likawaachia kwa usahihi 82 kati ya 100 wasio nao. Zinasikika namba nzuri. Sasa wachukue watu 1,000 ambao tuseme 50 kati yao wanaumwa kweli: litanasa 45 hivi wa kweli, na litanasa pia 171 wasio na ugonjwa huo. Alama 13 inasema mtu huyu akae chini na mtaalamu. Kukwambia ugonjwa wako ni upi, hiyo haiwezi. Kama kituo cha kwanza kiliishia kwenye karatasi, basi hapo kazi iliachwa njiani, na kutoridhika kwako kulikuwa na sababu.

Mume wako naye nisimpuuze. Kabla DSM-5 haijatoka mwaka 2013 ilijaribiwa katika hospitali za Marekani na Kanada: madaktari wawili wanamhoji mgonjwa yule yule, kila mmoja peke yake, kisha majibu yanalinganishwa. Kipimo chake huitwa kapa; 0 maana yake wanapatana kwa bahati tu, 1 wanapatana kabisa. Msongo unaofuata tukio la kutisha ulipata 0.67. Wasiwasi wa jumla ulipata 0.20. Ni ndogo sana. Sababu mojawapo ni kwamba dalili zake, kama usingizi, uchovu na akili kutotulia, zinagongana na za sonona karibu kila hatua. Kwa hiyo mume wako amegusa jambo la kweli, ila neno "wanabahatisha" limezidi. Kutofautiana kwa majina hakuondoi mateso yaliyowafanya wote watatu wakuandikie kitu.

Kuna swali moja ambalo pengine lingefungua mengi, na linahusu basi. Ukisema "sipandi basi", hapo bado hujasema ugonjwa. Mtu anayekwepa basi kwa sababu anaogopa atashikwa na hofu na hataweza kushuka wala kupata msaada, anaelekea kwenye agorafobia, ambayo kwa DSM-5 na ICD-11 hujitegemea na huweza kukaa pamoja na hofu ya ghafla. DSM-5 inataka aogope angalau hali mbili kati ya tano: vyombo vya usafiri, sehemu za wazi, sehemu zilizofungwa, foleni au umati, na kuwa nje ya nyumba peke yake. Mwingine hapandi kwa sababu abiria watamtazama na kumwona anatetemeka. Huyo ana hofu ya watu. Mwingine anaogopa ajali na si kitu kingine. Hiyo ni fobia mahususi. Mwingine aliwahi kupata ajali, na harufu ya dizeli inamrudisha kwenye siku ile. Huyo anaulizwa habari za msongo wa baada ya tukio. Mwingine anaona vishikio vina uchafu utakaomlazimu kunawa mara nyingi. Huyo anaulizwa habari za fikra na vitendo vya kujirudia. Hayo mawili ya mwisho DSM iliyatoa kabisa kwenye sura ya wasiwasi mwaka 2013. Tendo ni lile lile, kutopanda, na majina ni matano. Kinachotofautisha ni kile kinachopita akilini ukiwa kituoni, mlango wa basi umefunguliwa na wewe umeshika nauli. Nini hasa? Jibu ukiliandika kwa maneno yako, mhudumu makini atalithamini kuliko namba uliyopewa na mwenzake.

Nimekusoma tena pale ulipotaja kupungua, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na kahawa. Hapa naungana na mume wako kuhusu damu, ingawa si kwa maana aliyoikusudia. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha wasiwasi. Damu hupimwa ili kuondoa vitu vinavyojifanya wasiwasi, na vitabu vyote viwili vinataka viondolewe kwanza. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta karibu hayo yote uliyoorodhesha, na kipimo cha damu cha kuanzia, kiitwacho TSH, ni kipimo cha kila siku. Upungufu wa damu nao huukimbiza moyo. Sukari ikishuka huleta jasho na kutetemeka. Kipimo cha moyo ulichofanyiwa kinaonyesha moyo ulivyokuwa dakika zile tu. Kama mapigo hurukaruka hata ukiwa umetulia, lisemwe. Ziorodheshwe pia dawa zote, hata za dukani: za kuzibua pua zenye pseudoephedrine, ya pumu ya kuvuta, homoni ya tezi, vidonge vya kupunguza uzito. Pombe nayo itajwe bila aibu, maana inapotoka mwilini huleta mitetemo na hofu.

Na kahawa. Kwa mtu mzima mwenye afya, miligramu 400 za kafeini kwa siku, yaani kama vikombe vinne, ndicho kiwango kinachotajwa kuwa kikomo. Baadhi ya wenye mashambulio ya hofu hushindwa hata na chini ya hapo. Inaharibu usingizi, usingizi mbovu unadai kahawa nyingine, na mzunguko unajilisha. Ukitaka kujaribu, punguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache ukianza na cha jioni. Ukikata zote kwa mara moja kichwa kitauma siku kadhaa, na utadhani ugonjwa umezidi.

Daktari wa tatu nadhani alisikia ile sentensi yako ya kukosa hamu. Sonona huulizwa kwa vigezo tisa, vitano viwepo karibu kila siku kwa wiki mbili, na kimojawapo lazima kiwe huzuni au kukosa raha ya mambo. F41.2 ina masharti yake: kwa ICD-10 ni ya mtu ambaye wasiwasi na sonona vyote vipo lakini hakuna kilichofikia uzito wa kujitegemea. Kama una mashambulio yanayotimiza vigezo, hapo una haki ya kumuuliza kwa upole amefikaje kwenye nukta mbili. Na kama kukosa hamu kumewahi kufika mahali pa kutamani usiwepo, au kufikiria kujidhuru, usingoje kuimaliza barua hii. Mwambie mumeo sasa hivi, na muende hospitali leo hii.

Tuje kwenye dawa uliyoandikiwa, maana hapo ndipo nadhiri yako inapokaba. Unaogopa kutibiwa ugonjwa usio wako. Lakini sertraline hutumika kwa hofu ya ghafla, kwa sonona, na madaktari wengi huianza kwa wasiwasi wa jumla pia. Kwa hatua hii moja, majina yako matatu yanapita mlango mmoja. Hiyo haimaanishi umeze. Kabla ya kuanza daktari anatakiwa akuulize mambo ambayo sijui kama umeulizwa: ujauzito, dawa nyingine unazotumia, na kama umewahi kuwa na siku ambazo ulilala saa chache bila kuchoka, ukiongea na kutumia fedha kupita kiasi, kwa sababu kwa mtu wa namna hiyo dawa ya aina hii ikitolewa peke yake inaweza kumrusha juu. Wenye hofu ya ghafla huanza kwa kawaida na miligramu 25 kwa wiki ya kwanza ndipo 50, kwa kuwa siku za mwanzo dawa huweza kuongeza kutotulia, pamoja na kichefuchefu na tumbo kulegea. Wengi huacha hapo hapo wakiamini imewadhuru. Nafuu huja taratibu, kati ya wiki 2 na 6, na kuacha hufanywa kwa kupunguza, si kwa kukata. Mtu akikupa diazepam, dawa ya kutuliza, badala yake, uliza ni ya siku ngapi. Ikipita wiki chache mwili huizoea na kuidai.

Jina linapoanza kuleta tofauti kubwa ni kwenye tiba ya mazungumzo. Mwenye hofu ya ghafla hufundishwa kuziita dalili kwa makusudi, kwa mfano kukimbia papo hapo mpaka moyo udunde, ili ajifunze kwamba mdundo hauui, kisha hurudi kwenye basi kituo kimoja kimoja. Mwenye wasiwasi wa jumla hufanyia kazi ile tabia ya kufungua ripoti usiku, na kuvumilia kutojua. Vikao ni kama 12 hadi 15, kimoja kwa wiki. Sonona ikiwa ndiyo inayotawala, huanzwa mara nyingi na kurudisha shughuli za mchana. Kwa hiyo swali lako la "ni upi" laweza kugeuzwa: ni lipi kati ya haya linaloniibia maisha zaidi, nianze nalo?

Kwenda kwa daktari wa nne kunawezekana. Hatari yake ni kwamba naye atasikia kipande na kuongeza jina la nne. Kurudi kwa mmoja wa watatu, ukiwa na karatasi zote na hadithi nzima, kuna faida ya kuendelea palipoishia, ila kunataka uwe na ujasiri wa kumwambia wenzake wamesema nini. Kusubiri nako ni uamuzi, na kuna gharama: kila unapotembea badala ya kupanda, akili huandika kwamba umenusurika kwa sababu hukupanda. Leo ni basi, mara nyingi kesho ni soko, halafu kikao cha kazini. Lakini kusubiri wiki mbili ukipunguza kahawa na kungojea majibu ya TSH si sawa na kusubiri bila mpango.

Uelekee kokote, nenda na ukurasa mmoja. Kila shambulio liandike: saa, ulikuwa wapi, lilianza na nini, lilifika kileleni baada ya dakika ngapi, ulifikiri nini, ulifanya nini kulizima. Pembeni andika saa za kulala na vikombe. Wiki mbili zatosha. Na umwombe mhudumu akueleze kwa sauti: vigezo gani nimetimiza, vipi sijatimiza, na nini kingekufanya ubadilishe jina hili?

Kuhusu kazi, kabla ya kukabidhi karatasi yoyote uliza nani ataisoma na kama cheti cha mapumziko kinaweza kutolewa bila kutaja ugonjwa. Taratibu hutofautiana, kwa hiyo uliza daktari na mwenye bima kwanza, kabla ya mwajiri.

Mumeo mwombe aingie nawe chumbani safari hii. Ameyaona mashambulio kwa nje, anajua kama unakoroma, kama unasaga meno, kama ulibadilika kabla ya siku ya basi au baada yake. Hayo wewe huwezi kuyajua. Naye hilo swali lake la damu alimuulize daktari mwenyewe, na wewe uwepo ukisikia jibu.